Magoti ya Bibi na Mbwa wa Mwenye Duka

Mwezi uliopita daktari mmoja wa kule Posta alibandika picha ya goti langu kwenye taa, akanionyesha kwa ncha ya kalamu mahali ambapo mifupa miwili imekaribiana mno. Gegedu lililo kati yake limelika, alisema, na likishalika halioti tena. Ni kijana wa umri wa wajukuu zangu, na aliniambia taratibu kama mtu aletaye habari za msiba. Nilimwambia asijisumbue, habari hizo nilizipata Kariakoo kabla baba yake hajazaliwa. Akacheka, akaniomba nimsimulie. Sasa nakusimulia na wewe.

Bibi aliyenilea alikuwa akikaanga vitumbua barazani, karibu na Mtaa wa Msimbazi, miaka ya hamsini. Makuli waliokuwa wakienda bandarini walivila wamesimama, na jua likipanda sinia lilikuwa tupu. Kukaa chini mbele ya jiko miaka nenda miaka rudi ndiko kulikomharibu magoti, au ndivyo alivyoamini. Wenyewe waliita baridi yabisi. Akitaka kuinuka alitanguliza mikono, akavuta pumzi, akamtaja Mungu, ndipo mwili ukafuata. Hayo aliyavumilia. Alichoshindwa kukivumilia ni kigoda. Magoti yalipokataa kukunjika alilazimika kuswali amekaa juu ya kigoda, akiinamisha kichwa hewani. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alimweleza kuwa dini inaruhusu, mgonjwa hana lawama. Bibi alijibu kuwa anajua, lakini anataka kuweka paji la uso chini tena kabla hajafa. Sikumsikia akitaka kitu kingine kwa nguvu namna ile.

Dawa yake ilikuwa supu ya kongoro. Tulinunua miguu ya ng'ombe sokoni, tukaibabua juu ya mkaa, na kazi ya kukwangua manyoya kwa kisu ilikuwa yangu. Harufu ile nikiipata mahali mpaka leo nageuza shingo. Supu ilichemka tangu adhuhuri hadi magharibi, na tangawizi, chumvi na ndimu, na ikipoa iliganda ikawa inatetemeka sufuriani. Bibi alinionyesha vile vipande vyeupe vinavyoteleza kwenye maungio, akasema hicho ndicho kilichokwisha magotini mwake, kwa hiyo anakirudisha. Mimi nilimwamini. Alikunywa mwaka mzima, na kigoda kilibaki palepale.

Ng'ambo ya barabara yetu ya mchanga palikuwa na duka la Baniani mmoja, mtu mpole, asiyekula nyama wala yai. Mbwa wake wa kulinda duka alikula chapati na maziwa kama yeye. Alikuwa mbwa mzee, miguu ya nyuma imekakamaa, na asubuhi aliinuka vilevile kama bibi: ya mbele kwanza, pumzi, kisha mwili. Vijana wa mtaani waliliona hilo wakacheka. Wakubwa walimshauri mwenye duka amuue, atafute mwingine. Yeye kwa dini yake hakuua hata sisimizi.

Mwenye duka alikuwa na kawaida ya kumpa bibi mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na kitunguu saumu, ajichue magoti. Bibi hakuwa mtu wa kupokea akanyamaza. Siku moja alitangaza kuwa atampelekea mbwa yule supu. Jirani akamkumbusha kuwa mbwa ni najisi.

"Najisi ni mate," bibi akasema. "Maumivu si najisi."

Basi akajikokota, akavuka barabara na kopo lake. Mwenye duka alichungulia ndani ya kopo, uso ukambadilika.

"Mama, hii ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe, baba."

Ndipo bibi alipokumbuka ng'ombe ni nini kwa watu wale. Aligeuka na kopo lake, akarudi nyumbani, na chakula cha mchana hakukigusa kwa haya. Nilidhani ujirani umekwisha. Kesho yake akanituma sokoni nikalete miguu ya mbuzi.

Ya mbuzi mwenye duka aliikubali, kwa sharti kwamba mfupa usipite dukani mwake. Upelekwe kwa nyuma, kichochoroni. Bibi naye alikuwa na sharti lake: mbwa asije kwetu akaramba kitu, tukabaki kusugua vyombo mara saba na udongo. Kwa hiyo supu ambayo ingevuka barabara tu ililazimika kuzunguka safu nzima ya nyumba, ipite bombani kwenye foleni ya madebe, ikate kona kwa fundi baiskeli, ndipo iingie kichochoroni. Nilijitolea kuipeleka. Bibi alikataa, akisema nitaimwaga, na nisipoimwaga nitamgusa mbwa. Yote mawili yalikuwa kweli.

Siku za kwanza alipumzika karibu kila baraza aliyoikuta. Akifika alimimina kutoka juu, kopo lisiguse karai la mbwa, kanga ameikusanya mkononi. Baadaye akawa anapumzika bombani tu, na hapo ni kwa ajili ya umbeya. Mbwa naye akaanza kumngojea, mwanzo mlangoni, halafu katikati ya kichochoro, mwishowe akawa anamsubiri kwenye kona ya fundi baiskeli. Walikwenda pamoja, mbwa mbele bibi nyuma, polepole, na bibi alimwita "mwenzangu". Wanawake wa bombani waliwatania sana. Mmoja alimtolea ile methali ya Baniani mbaya, kiatu chake dawa, na bibi akamwambia kuwa yeye ubaya wa jirani yake hajauona.

Adhuhuri moja niliingia uani na mzigo wa kuni nikaona kigoda kimeegemezwa ukutani. Bibi alikuwa kwenye mkeka, paji la uso liko chini, na alikaa vile muda mrefu kuliko sala inavyotaka. Nilifurahi mpaka nikasahau kutua kuni. Alipoinuka hakuniomba mkono. Kwa wiki kadhaa alibishana na mwenye duka juu ya kilichomponya, yeye akisema ni supu, mwenzake akisema ni mafuta.

Mbwa alikufa masika yaliyofuata, kwa uzee tu, amelala kizingitini. Mwenye duka alifunga duka siku nzima. Bibi alikwenda kumpa pole, na safari hiyo alivuka barabara moja kwa moja. Supu hakuiacha, sasa aliinywa yote mwenyewe, na mafuta hayakukosekana. Lakini hakuwa na sababu tena ya kuzunguka. Kabla ya Ramadhani kigoda kilikuwa kimerudi. Bibi aliwalaumu mbuzi wa siku zile kuwa hawana nguvu, akabadili bucha. Hakuna kati yetu aliyeifikiria ile njia. Aliswali juu ya kigoda mpaka mwisho wake.

Daktari alisikiliza yote hayo, kisha akasema kuwa supu ni chakula kizuri na kujichua kunaliwaza, ila goti, liwe la mtu au la mnyama, linataka mwendo. Kumbe kama dini moja kati ya zile mbili ingelegeza kamba kidogo, bibi angevuka barabara tu, na asingesujudu tena. Jambo hilo nimelikubali. Linaloniuma ni kwamba hakuna aliyemwambia aendelee kutembea.

Nilipotoka hospitali nilipita Kariakoo. Kwetu ni ghorofa, dukani ni ghorofa, na bomba hakuna anayelikumbuka. Nilijaribu kuzunguka kwa njia ya bibi nikaishia ukutani, katikati ya marobota ya vitenge. Mchukuzi mmoja akatua mzigo wake. "Shikamoo bibi," akasema, "huku hakutokei."

Daktari ameniagiza nitembee kila siku. Natembea. Nafika kwenye kona ya mtaa wangu, nasimama kidogo, halafu narudi. Hakuna anayeningoja pale.