Mfereji wa Rispa na Maji ya Misri

Nilitoka Kakamega kwa sababu ya barua ambayo hata haikuandikwa kwangu. Ilikuwa kiangazi, katikati ya miaka ya tisini, na wakati huo nilikuwa nikishona viatu kando ya soko, kazi yangu ya nne mwaka ule. Mama mmoja muuza ndizi kutoka Matete akasimama mbele yangu na kusema, "Dada yako Rispa anakuita. Maji yake yamekatazwa. Wanasema ni ya Misri."

Nilicheka. Misri niliijua kutoka kanisani tu, kwa Farao na Musa. Niliacha shule darasa la sita, lakini jambo nisilolielewa huniwasha kama upupu. Nilifunga sanduku la nyuzi, nikaazima baiskeli, nikashika njia ya kaskazini.

Jumatano alasiri nilifika Matete. Mume wa Rispa alikuwa Mumias, kiwandani, kwa hiyo dada yangu alinipokea peke yake na kunipeleka moja kwa moja hadi kitaluni. Yeye na wanawake wenzake kumi na mmoja, kikundi ambacho yeye ni mwenyekiti wake, walikuwa wamechimba mfereji kwa jembe, kutoka kwenye kijito kinachoingia Mto Lusumu hadi kwenye miche yao ya kabichi na sukumawiki. Miche ilikuwa ya kijani kibichi katikati ya nchi iliyokauka.

Alitoa barua ya ofisi ya maji ndani ya Biblia. Iliandikwa kwamba maji ya mito inayoingia ziwani yako chini ya mkataba wa nchi na nchi, na kwamba mfereji ufukiwe kabla ya Jumamosi, la sivyo ofisi ingeleta watu wa kuufukia.

"Hii miche ikikosa maji siku tatu, ni chakula ya mbuzi," Rispa alisema. "Wewe umetembea kila mahali. Umeonanga Mmisri hapa?"

"Sijaona."

"Basi nenda ukamtafute."

Alhamisi asubuhi nilirudi kusini, nikapita Kakamega bila kusimama, hadi Bukura. Pale chuo cha kilimo kulikuwa na mwalimu ambaye nilikuwa nimemshonea viatu mara nyingi. Aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Mkataba upo kweli," alisema. "Mwingereza alipotutawala, aliahidiana na Misri kwamba mito hii na ziwa havitaguswa kwa namna ya kupunguza maji yao bila wao kukubali."

"Mito hii ipi?"

"Nzoia. Yala. Na vijito vyake vyote, hata hicho cha Lusumu."

Nilihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba kitanda alichozaliwa juu yake kina mwenyewe. Nilikuwa nimeoga Nzoia maisha yangu yote. "Nani kutoka kwetu aliketi hapo?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata wa kumimina chai. Halafu baadaye Misri na Sudani wakakaa wawili, wakagawana maji ya mto mzima unaotoka ziwani hadi kwao."

"Na sisi tukapewa ngapi?"

Mwalimu alinitazama kwa huruma. "Hatukutajwa. Wengine wanasema ule mkataba wa kwanza ulikufa tulipopata uhuru. Wengine bado wanauogopa." Aliikunja barua. "Lakini ndugu yangu, Misri haiwezi kusikia mfereji wa jembe. Aliyesikia yuko karibu. Usirudi kwa barabara. Panda na kijito kutoka chini."

Ijumaa nilifuata ushauri wake. Niliacha baiskeli kwa fundi karibu na Lusumu, nikatafuta mahali kijito kinapoingia. Nilipapita mara mbili bila kupajua, kwa maana hapakuwa na maji. Palikuwa na mchanga, nyayo za ng'ombe na samaki wadogo waliokauka. Nilipanda na mchanga huo hadi nikamkuta mtu amezama kiunoni ndani ya shimo, akichota tope kwa sufuria. Ng'ombe wanne walisimama juu yake, wamenyoosha shingo.

"Mulembe," nilimsalimia kwa kumtakia amani.

"Mulembe gani, na mimi nakunywa matope?" Jina lake lilikuwa Nandwa. Nilipomwambia mimi ni ndugu ya Rispa, aliweka sufuria chini. "Ndugu ya yule mama wa kabichi! Umekuja kuangalia kama nimekufa?"

"Ni wewe uliyeshtaki?"

"Ni mimi. Na sikusema Misri. Nilisema ng'ombe. Misri wameitoa kwao ofisini."

"Mbona hukwenda kumwambia Rispa?"

"Na yeye mbona hakuniambia? Hao wamama kumi na wawili wanapitanga hapa kila Jumapili wakienda kanisa. 'Nandwa, mulembe! Nandwa, habari ya nyumbani!' Hakuna hata mmoja alisema, 'Nandwa, tunageuza maji.'"

Mshtuko wa Bukura ulikuwa mkubwa, lakini huu uliniuma zaidi, kwa sababu huu ulikuwa wa kwetu.

Alasiri ile nilimweleza Rispa kila kitu. Alikaa ukingoni mwa mfereji.

"Kwa hiyo sisi ndio Misri," alisema. Kisha akanituma nimwalike Nandwa chakula cha kesho, akainuka kwenda kukamata kuku.

Jumamosi mchana Nandwa alikuja, amevaa koti, amekunja uso. Walikubaliana kabla ya chakula, maana Rispa alikataa kupakua mapema: maji yaingie mfereji tangu alfajiri hadi saa tatu, kisha ubao ushushwe kuziba mdomo wa mfereji na kijito kiende zake hadi kesho. Ufunguzi ungefanywa na wanawake, ufungaji na Nandwa mwenyewe.

Obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, vilipoletwa, watu wote walitazama sahani moja. Kwetu firigisi ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba, na mwenye nyumba hakuwepo. Rispa aliisukuma kwa Nandwa. Nandwa aliitazama, akaomba kisu, akaikata katikati.

"Hii yangu. Hii ya mwenyekiti."

Wanawake wakapiga kelele. Mama mmoja mzee akaziba macho. Rispa akala.

Hapo ndipo afisa wa ofisi ya maji alipoingia uani na watu wawili wenye sepetu. Nandwa alimwambia, mdomo umejaa, kwamba hana tena mashtaka.

"Na ule mkataba?" afisa aliuliza.

"Misri akaribie akae, tuongee," Rispa alisema. "Lakini mwambie firigisi imekwisha."

Mmoja wa wenye sepetu alicheka kwanza. Afisa alienda kuutazama ubao tuliokuwa tumeushusha, kisha akanawa mikono na kukaa.

Nilirudi Kakamega Jumapili, na viatu vya watu vilikuwa vikiningoja. Miche ya Rispa ilipona. Nilichojifunza ni kidogo: mtu hupunjwa maji kwanza kwa kutoitwa. Hata hivyo, kila nikivuka daraja la Nzoia husimama nikayatazama maji yakipita, na bado sijazoea kwamba huko chini kuna mtu aliyeyahesabu kuwa yake kabla mimi sijazaliwa, na hakuwahi kunisalimia.