Kidonge cha Presha na Zamu ya Maji

Nilitoka Moshi kwa basi hadi Dodoma, nikasubiri gari la Iringa siku mbili, nikalala Kihesa, hapo Iringa, kwa mtu niliyemfahamu kidogo, kisha nikadandia lori la mbolea lililonishusha njia panda ya Igawa. Kutoka hapo nilitembea hadi Ubaruku. Huko nilipata kazi ya kushona magunia kwenye mashine ya mpunga, na chumba kwa mzee mmoja aliyehama na ng'ombe wake kutoka kaskazini, akaishia kulima mpunga.

Mzee alikuwa na presha. Tabibu wa zahanati alimpa vidonge vidogo vyeupe: kimoja kila asubuhi, hata akijisikia mzima. Vilikuwa vya kutoa maji mwilini, navyo havikuwa na mchezo. Akimeza alfajiri, hadi saa nne ameshakwenda vichakani mara tano.

Tatizo lilikuwa zamu ya maji ya kumwagilia mpunga. Mwenye zamu alisimama kwenye lango la mfereji kutwa nzima. Akigeuza mgongo tu, jirani anahamisha ubao wa lango na maji yanaingia kwenye majaruba yake ya mpunga.

"Mzee, leo huendi vichakani?" majirani walimtania. "Nenda bwana, tutakulindia!"

"Mtayalinda yakiwa majarubani kwenu," aliwajibu.

Kwa hiyo siku za zamu hakumeza. Alikitia kidonge mfukoni mwa shati, mkewe akadhani kimeshuka na uji. Msimu wa kupandikiza zamu zilifuatana, na wiki nzima ikapita hivyo. Niliona, nikaendelea na magunia yangu.

Siku moja nilimpelekea chakula langoni, nikamkuta ameketi tutani, jembe limemponyoka, maneno yanamtoka mazito kama mlevi. Baada ya muda akawa sawa.

"Ni jua," alisema. "Usimwambie shemeji yako."

Nilikaa nalo siku moja. Ya pili nikamwambia mkewe, akiwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta hadi mchele wa ungoni ukaisha. Zamu iliyofuata alimwekea mumewe kidonge kiganjani, akasimama mpaka kikamezwa, akachukua jembe akaenda langoni mwenyewe.

Wanaume walicheka siku tatu. Mzee hakucheka.

"Ndugu, nimekupa chumba," aliniambia. "Wewe umenifanya mtu wa kulindiwa maji na mkewe."

Tangu hapo alinijibu salamu tu, nami sikuwahi kuwa mtu wa kukaa mahali pamoja sana. Mavuno yalipokwisha nilifunga mzigo.

Asubuhi ya kuondoka alikuwa nje, ameketi kwenye kigoda, bilauri ya maji mkononi. Alimeza kidonge chake mbele yangu, bila kuambiwa.

"Nenda salama," alisema. "Na huko uendako, ya watu waachie wenyewe."

Nilipanda lori la mpunga la kwenda Mbeya. Tulipopita kando ya mfereji nilimwona mkewe langoni, tope hadi magotini, mguu mmoja juu ya ubao, akifokeana na wanaume wawili. Hakuinua macho. Sijarudi tena Ubaruku.