Mgeni Aliyenyimwa Jembe

Ukiishi Falls Church, Virginia, au vitongoji vya jirani, na ukawa na mama aliyekuja kukutembelea kutoka nyumbani, mapema au baadaye mtu atakupa namba ya simu ya Genoveva. Genoveva ni Mhaya wa Bukoba, ana miaka hamsini na minne, magoti yaliyochoka, na gari la viti saba analolisafisha kila Ijumaa kana kwamba askofu ndiye atakayelipanda kesho yake. Kazi yake ni kuwatoa akina mama kwenye makochi. Hao akina mama hupokelewa uwanja wa ndege kwa vigelegele, wakapigwa picha, halafu wakakalishwa mbele ya televisheni ghorofa ya tano. Watoto huenda kazini, wajukuu huenda shule, na mzazi hubaki dirishani akitazama magari mpaka jioni. Genoveva humchukua mama mmoja kwa siku nzima na kumpeleka mahali ambapo mwanawe asingepafikiria hata kwa ndoto: kwenye mahekalu ya Wabuddha yenye kuta za picha, kisha mpakani, mtoni.

Watu humtania. Mwanakwaya wa Kikatoliki, na rozari yake inaning'inia kwenye kioo cha gari, anatembeza watu kwenye mahekalu? Genoveva hucheka nao, kisha huwasimulia habari za Mzee Prasert. Kabla magoti hayajagoma, alimtunza kwa miaka tisa mzee huyo wa Kithai, mchoraji aliyechora kuta za hekalu moja kule Silver Spring. Kila wiki alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mbele ya picha zake, naye mzee akamweleza moja baada ya nyingine, nani ni nani na kwa nini tembo yule ana pembe sita. Kisha walikwenda mtoni, kwa sababu mzee alizaliwa kando ya mto ambako nchi tatu zinatazamana, na Potomac ilimtuliza. Mzee alipofariki, Genoveva alibaki na elimu yote hiyo kichwani bila pa kuipeleka.

Hiyo ndiyo sababu anayoisema. Iko nyingine ambayo wateja hawaambiwi. Mama yake mwenyewe alikuja kwa wiki kumi na mbili, wakati Genoveva anafanya kazi zamu mbili kwa siku. Kila asubuhi alimwambia, mama, wewe pumzika tu. Mama akapumzika wiki tano, akaomba arudishwe nyumbani, na mwaka uliofuata akafariki. Jambo hilo linamuuma Genoveva mpaka leo, na kila anapowasha gari lake kumfuata mama wa mtu, linamuuma upya.

Sasa, Alhamisi moja ya mwezi wa tano, alipigiwa simu na Kimutai, kijana wa Kericho anayefanya kazi ya kompyuta kule Herndon. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa.

"Aunty Geno, mathe ameniambia ni-change ticket, a-fly Monday," alisema. "Na mtoto ana-come in seven weeks. Hataki kuskia kitu. Please, jaribu tu."

Genoveva alijibu kwamba Jumamosi saa mbili asubuhi atakuwa mlangoni. Alipokata simu alikaa kitandani kwa muda. Mama yake mwenyewe alipoondoka, kwenye tiketi yake zilikuwa zimebaki wiki saba.

Jumamosi ilipofika, alimkuta Mama Jerotich, mama yake Kimutai, amesimama nje, amevaa koti la kanisani na viatu vilivyopigwa rangi, amekumbatia kibuyu. Genoveva alimwamkia shikamoo kwa heshima zote za Bukoba, naye mama akaitikia kama mtu anayepokea barua ya serikali. Kibuyu kilikuwa na mursik, maziwa ya kugandisha ya kwao. Mtu haingii nyumba za watu mikono mitupu, alieleza, hata kama hajui anapelekwa nyumba gani.

Walipofika barabara kuu ya Beltway, kwenye foleni, Genoveva akaanza kumchokonoa kidogo kidogo, na mama akafunguka. Kwake Kericho alikuwa na ng'ombe sita na ekari mbili za chai, na jua halikuwahi kumkuta kitandani. Hapa alikuwa amemaliza wiki tatu. Wiki ya kwanza aliamua awatengenezee watoto mursik, kwa kuwa mke wa Kimutai, anayekaribia kujifungua, anahitaji kitu cha maana tumboni. Akatafuta kijiti, akakiwasha kwenye jiko la gesi, na kukiingiza kinafuka ndani ya kibuyu ili kukisugua kwa mkaa, jinsi alivyofundishwa na mama yake. King'ora cha moshi kikalia jengo zima. Zimamoto wakaja na magari mawili. Majirani wakashuka ngazi na nguo za kulalia, mmoja amebeba paka. Mursik ikapatikana ya kibuyu hicho kimoja tu; tangu siku hiyo Kimutai, kwa upole wote, alimwomba mama asiguse jiko. Mashine ikaosha vyombo, mashine ikafua nguo, mashine nyingine ndogo ikawa inazungukazunguka sakafuni ikifagia, na mama akawa anainua miguu ili ipite.

"Nimekuwa kama gunia," alisema. "Nalala, naamka, nawekwa kwa kiti. Gunia lirudi kwao."

Genoveva alikaza macho barabarani, maana maneno hayo alikuwa anayasikia kwa sauti ya mtu mwingine.

Hekalu la kwanza, la Wakambodia, liko kwenye barabara moja yenye makanisa, misikiti na mahekalu yaliyofuatana kama maduka ya nguo. Mama alitazama paa la dhahabu kupitia dirishani, akatangaza kwamba ameokoka tangu mwaka wa sabini na nne na hataingia nyumba ya masanamu. Genoveva alimwambia kuna dari iliyochorwa maisha yote ya Buddha, kazi ya mikono ya ajabu. Mama akasema kazi ya mikono anaiheshimu, ila akiwa garini. Wakaondoka.

Hekalu la Wathai ndilo lenye picha za Mzee Prasert, na hapo Genoveva aliweka tumaini lake lote. Mama akagoma tena, mkanda wa kiti ameufunga. Basi Genoveva akavua viatu, akaingia peke yake kuwasalimia watawa na kuomba ushauri, ingawa ushauri wa nini hakujua. Alisimama mbele ya ukuta anaoupenda. Kuna mto mpana, kando tatu, watu wanavuka, na pembeni kabisa kuna mwanamke mdogo mweusi mwenye kitenge na raba nyeupe za kazi, amebeba kikapu. Huyo ni yeye. Mzee alimchora bila kumwambia, na mtu asiyejua hawezi kumwona.

Aliporudi garini, mama hayupo. Mkanda umefunguliwa, kibuyu hakipo, mlango u wazi. Mama wa mtu amepotea Silver Spring, hana simu, hajui anwani. Genoveva alikimbia kwa magoti yale yale mabovu akizunguka jengo, na huko nyuma akasikia sauti anayoifahamu tangu utoto: mchi kwenye kinu.

Nyuma ya hekalu kuna jiko, na ndani ya jiko walikuwamo wanawake watano wa Kithai wa umri wa Mama Jerotich, wakitayarisha chakula cha watawa. Watawa hao wakishafika saa sita mchana hawali tena mpaka kesho yake, kwa hiyo kazi ilikuwa ya mbio. Katikati yao, koti limetundikwa msumarini na kitambaa kimekazwa kichwani, Mama Jerotich alikuwa anatwanga mapapai mabichi na pilipili. Hakujua neno la Kithai, wala wao hawakujua neno lake. Mmoja alikuwa anamwonyesha kwa mkono, taratibu, papai lisipondeke, na mama alikuwa anamwonyesha kwa bega kwamba kutwanga hafundishwi. Alifuata sauti ya mchi tu, alieleza baadaye. Aliona mwanamke anatwanga huku anashika kiuno, na kumpita mtu wa namna hiyo ni kukosa adabu.

Genoveva alivuta kiti akakaa, akaacha kuongoza.

Saa tano na nusu chakula kilipelekwa ukumbini, na Mama Jerotich akabeba sinia kama wenzake. Mlangoni alivua viatu bila kuambiwa, kwa kuwa wote walivua. Genoveva alimnong'oneza kwamba mwanamke hampi mtawa kitu mkononi, anakiweka kwenye kitambaa kilichotandikwa. Mama akauliza kama hawa vijana wana mama zao hapa. Akaambiwa hapana, wako mbali. Basi akapiga goti, akatikisa kibuyu, akajaza bakuli la mtawa mdogo kuliko wote mursik ya kijivu mpaka ukingoni, akaliweka kwenye kitambaa.

Genoveva alisali kwa Mama Maria ndani ya hekalu la Wabuddha, na hakuona haya. Mtawa hachagui, anakula alichopewa. Kijana alitazama bakuli. Akanusa. Akanywa yote bila kupumzika, na alipolitua alikuwa na masharubu ya mkaa juu ya mdomo. Mtawa mkubwa akacheka wa kwanza, kisha ukumbi mzima. Kijana akasogeza bakuli mbele tena.

Wakiwa njiani kuelekea Virginia, mama alitaka jambo moja lieleweke.

"Mimi sikusali pale. Nililisha watu."

Genoveva akasema ameelewa, na hata mchungaji wa Kericho ataelewa.

Kituo cha mwisho ni Jones Point, ukingoni mwa Potomac, chini ya daraja kubwa la Beltway, ambako watu huja kuvua samaki na kuna jiwe la zamani lililowekwa kuonyesha kona ya mji mkuu. Hapo Genoveva husema maneno aliyoachiwa na Mzee Prasert: hapa nchi kavu ni Virginia, ng'ambo ile ni Maryland, na ukitia mguu majini umeshatoka Virginia bila kuulizwa pasi. Mama Jerotich akavua viatu kwa mara ya pili siku hiyo, akaingia mpaka vifundoni, akasimama akitazama ng'ambo.

"Mama yako alikanyaga hii maji?" aliuliza.

Hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Hapana. Sikumpeleka popote. Nilimwambia apumzike. Alikaa wiki tano akarudi nyumbani, zikabaki saba. Sikumwona tena."

Mama Jerotich hakumwambia pole. Alihesabu kitu kwa vidole, polepole, kisha akatoka majini na kumshika mkono.

"Hizo saba nitazikaa mimi," alisema.

Genoveva akalia pale pale, waziwazi, mpaka mvuvi mmoja akashusha fimbo yake ya kuvulia na kugeuka kumtazama. Mama alimwacha alie, akavaa viatu vyake, akafunga kamba. Ndipo akatoa masharti yake. Jumamosi ijayo apitiwe mapema, kwa sababu yule mama mwenye kiuno hawezi kinu peke yake. Na jiko la Kimutai arudishiwe leo.

Genoveva alimpigia Kimutai kutoka garini. Kijana aliposikia kwamba tiketi ibaki ilivyo, hakuamini, akauliza mathe amepewa nini.

"Kazi," Genoveva alisema. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe umemaliza wiki tatu, mwanangu, umelificha jembe."

Kimutai akakubali, kwa sauti ndogo, jiko ni la mathe. Ila akakumbusha kwamba kile king'ora bado kiko palepale darini.

Mama Jerotich, kibuyu kitupu magotini, alikuwa amesikia kila neno.

"Mwambie nitafungua dirisha," alisema.