Ufunguo wa Kabati la Directeur

Madame Orpha alikuwa amechoshwa na kabati. Lilikuwa limekaa ofisini kwa mkurugenzi wa shule ya watoto wadogo alikofundisha, kule mtaa wa Panda, nyuma ya kiti chake, lenye vioo na kufuli. Kila alipopita mlangoni, damu ilimpanda kichwani.

Ndani mlikuwa na mbao za kujengea, sufuria ndogo na wanasesere wawili, zawadi ya parokia, vyote bado katika plastiki tangu mwaka juzi. Mkurugenzi, Octave, ambaye wote walimwita Papa Directeur, hakuwa mtu mbaya, lakini vitu vipya vilimtia ugonjwa. Watu walisema hata viti vya sebuleni kwake havijavuliwa nailoni. Orpha akiomba, jibu ni lile lile.

"Madame, batoto batabiharibisha. Tunabichunga juu ya bageni."

Wageni! Kwani wageni ndio wenye miaka minne?

Basi Orpha akajitafutia. Akaokota makopo ya nyanya, vizibo na magunzi, akamwaga mchanga kwenye kona ya darasa. Watoto wakapika bukari, yaani ugali, ya mchanga, wakagawiana vizibo, wakahesabu bila kujua kwamba wanahesabu. Kumbe kosa! Mama Eugénie, ambaye binti yake Princesse ndiye aliyekuwa mpishi mkuu, akaja juu.

"Madame, kila siku mutoto anarudia na manguo machafu, na mu cahier yake hamuna hata herufi moja. Apa anajifunza nini?"

"Anajifunza kuhesabu, Mama Princesse."

"Mu muchanga?"

Akaenda moja kwa moja kwa Octave, na Octave akatoa amri. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Takataka zote zitupwe kabla hajafika, na asiporidhika, michezo basi, watoto watakaa kwenye madawati na daftari zao. Orpha aliyabeba makopo yake mwenyewe hadi jalalani, meno ameyauma, maana angefungua mdomo angesema maneno ya kumfukuzisha kazi.

Ijumaa kabati likafunguliwa. Octave alivitoa vitu katika plastiki, akavipanga juu ya mkeka kwa mikono yake, kimoja kimoja. Mkaguzi, mama mmoja wa miwani, akaketi na daftari lake, akawageukia watoto.

"Mucheze, batoto."

Watoto ishirini na wanane wakakunja mikono. Hakuna aliyesogea. Orpha alitamani kulia kwa hasira. Miaka miwili wameambiwa wasiguse, na sasa wametii, siku ambayo utii wao ungemponza yeye!

Hatimaye Princesse akainuka. Orpha akashukuru Mungu, akidhani mtoto anakwenda kupika. Wapi! Princesse alizoa sufuria, wanasesere na mbao, akavisukumiza vyote ndani ya katoni vilimoletewa, akaikalia, akakunja uso. Gracien, jirani yake wa dawati, akanyoosha mkono, naye Princesse akafoka.

"Hapana kugusa! Mutabiharibisha! Ni bya bageni!"

Darasa likalipuka kwa kicheko. Sasa wote wakainuka, wakajipanga mbele ya katoni kuomba, na Princesse akawafukuza mmoja mmoja, akitikisa ufunguo ambao haukuwepo.

"Munacheza nini?" mkaguzi akauliza.

"Tunacheza Directeur," akajibu Princesse.

Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu. Octave alijifuta jasho kwa leso, akaikunja, akaikunjua, akajifuta tena. Mkaguzi alipoondoka, akamfuata Orpha nje ya darasa.

"Nani alibafundisha ile?"

"Hapana miye, Papa Directeur. Batoto banacheza kile banaona."

Octave aliondoka akitazama viatu vyake.

Jumatatu Orpha alikuta ufunguo juu ya meza yake, bila barua, bila salamu. Alikwenda mbio kulifungua kabati lile, na hapo nusura apige yowe. Octave alikuwa amevirudisha vitu vyote ndani ya plastiki zake, na kuzibandika gundi upya, nadhifu kabisa.

Orpha akavibeba hadi darasani, akaketi mkekani katikati ya watoto, akaichana plastiki ya kwanza kwa meno. Kisha akampa Princesse ya pili.