Barua za wifi zimeingia kwa simu yangu

Jamani, leo nimebanwa.

Ile kitu ilikuwa inavuta barua za imeli yangu ya zamani kuleta kwa mpya, wenye imeli wameifunga. Nikaenda kwa fundi wa simu hapa Nalufenya atafute njia ingine.

"Mama, ya zamani ni gani?"

Kwa makosa nikagusa ya wifi yangu wa Mbale. Aliifungua kwa simu yangu Krismasi, ikabaki.

Sasa barua zake zinahama kwake, zinakuja kwangu. Nikasoma, si mnanijua. Ameitwa intaviu ya kazi kesho, na yeye hajui.

Nikisema, atajua nasoma mambo yake. Nikinyamaza, kazi imeenda.

Nikampigia. "Wifi, nimeota umeitwa intaviu kesho."

Akajibu:

"Asante wifi. Na ndoto imesema saa ngapi?"

Nimjibu nini, na saa yenyewe naijua?