Aliyemnoa Shujaa

Fundi friji alikuwa mtu wa kushuku tangu ujana wake. Mteja akimwambia friji limeacha kugandisha lenyewe tu, yeye huuliza kwanza ni nani aliyelichokonoa. Kwa hiyo jioni moja alipowasha mchezo wake wa zamani wa video wa Kijapani, akamkuta shujaa aliyemwacha hoi mlangoni mwa pango ana upanga mpya na nguvu tele, hakufurahi. Alinuna.

Mchezo wenyewe ulikuwa mgumu kupita kiasi. Maandishi yote ni ya Kijapani, na nyumbani hakuna aliyeyajua. Dawa na sumu alijifunza kuzitofautisha kwa kufa. Kila hatua chache shujaa anavamiwa na vyura au popo. Akifa anarudishwa kijijini, na jasho lote la jioni limekwenda na maji. Joka la pangoni lilikuwa likimtafuna mwaka mzima.

"Kuna mtu anachezea mchezo wangu," alimwambia mkewe.

"Nani ana muda huo?" mkewe akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye pasi.

Jibu hilo nalo likamtia shaka. Kesho yake alipotoka kazini, kabla ya kuiwasha, akagusa mashine ya mchezo; ina joto. Akaanza kuwapima watu kwa macho. Mkewe hutoka kazini jioni kama yeye. Mama mkwe, aliyekuja kuuguza goti, hushinda sebuleni na sweta lake lisiloisha. Alibaki shemeji, mdogo wa mkewe, mwenye ufunguo wa nyumba na kazi ya zamu.

Walipokaa kula, akamtupia neno. "Shemeji, ukiingia kwa watu, gusa vyako."

"Mimi nimegusa nini?"

"Unajua mwenyewe."

Mama mkwe akakohoa, akaomba chumvi. Shemeji akaweka ufunguo mezani, akaondoka, na hakukanyaga tena pale.

Lakini shujaa aliendelea kupata nguvu. Mchana mmoja fundi aliacha friji la watu wazi, akarudi nyumbani, akanyata kwa mlango wa nyuma. Sweta lilikuwa sakafuni. Mama mkwe, miwani puani na pedi ya kuchezea mkononi, alikuwa akiwatwanga vyura nje ya kijiji, mmoja baada ya mwingine, nguvu za shujaa zikipanda kidogo kidogo, kwa utulivu wa mtu anayechambua maharage.

"Mama."

Hakushtuka. "Wewe una haraka na joka," alisema. "Huyu mtoto hajakomaa."

"Na mwanao nimemfukuza."

Hapo akaweka pedi chini. "Ningesemaje? Mtu mzima na vyura. Kila siku nilijiambia kesho nitasema."

Jumamosi wakaenda pamoja kwa shemeji. Mama mkwe akajieleza palepale mlangoni, kabla hawajakaribishwa. Shemeji akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia fundi. "Wewe hukuniuliza. Ulinihukumu."

"Kweli," fundi akasema. "Nisamehe."

Ufunguo shemeji aliupokea, ila kwa muda mrefu alibisha hodi kama mgeni.

Joka lilikuja kufa alasiri moja, mama mkwe akipigana, fundi akichunga dawa zisiishe. Nyuma ya joka mlima ukapasuka, ikatokea nchi nyingine nzima, na nyoka wa kwanza tu akamlaza shujaa kwa pigo moja.

Mama mkwe akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Waliotengeneza kitu hiki," alisema, "hawatutakii mema."

Fundi akavuta kiti karibu, akamwomba pedi.