Siku Tatu Mwanza kwa Kitabu

Nilikwenda Mwanza kutembea. Ndivyo nilivyowaambia walimu wenzangu pale kijijini Sepuka, Singida, na ndivyo nilivyoandika kwenye barua ya kuomba ruhusa. Nilikuwa nimefundisha jiografia miaka kumi na minne, nimechora Ziwa Victoria ubaoni mpaka naweza kulichora nimefumba macho, na sijawahi kuliona. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa nusu.

Nusu ya pili ni dada yangu Anjela, aliyeolewa huko Mwanza. Mama yetu alipofariki, Anjela alifika siku ya tatu, tumeshazika. Sikumpa hata nafasi ya kujieleza. Nilisimama mbele ya waombolezaji nikamuuliza, "Umekuja kuzika au umekuja kula?" Akaondoka kesho yake bila kutia kitu kinywani. Kwetu mtu akiondoka msibani bila kula, hakuna haja ya kuuliza kama kuna ugomvi. Miaka sita ikapita bila barua, si yake wala yangu. Nilitamani kumwona na niliona aibu kumwona, yote mawili kwa pamoja. Hapo ndipo kitabu kilipoingia.

Mwezi mmoja kabla ya safari nilikwenda Singida mjini kufuata chaki za shule. Nyuma ya soko, katikati ya marundo ya mitumba, mzee mmoja alikuwa ametandaza vitabu juu ya turubai. Viwili vilikuwa vya kuongoza wasafiri, vyote vya Kiingereza, vilivyoachwa na wageni waliomaliza mikataba yao. Kimoja kilikuwa chembamba, karatasi bado nyeupe. Kingine kilikuwa kinene, jalada gumu, chenye ramani za miji na faharasa nyuma.

"Shikamoo, mzee. Kipi kizuri?"

"Marahaba, mwalimu. Chukua hicho kinene. Kina kila kitu humo, hata vyoo."

Nikavipima kama ninavyopima vitabu vya kiada. Chembamba kilikuwa na ukurasa mmoja na kitu juu ya Mwanza, kinene kilikuwa na kurasa kumi na moja. Nikachukua kinene. Mwaka wa kuchapwa sikuutazama, mimi ninayewapigia kelele watoto wa darasa la sita kwamba ramani huanza kusomwa kwenye tarehe yake.

Jioni nilimwonyesha mume wangu, Baba Neema, ambaye ni seremala na si mtu wa maneno mengi. "Humu mna gesti, mna migahawa, mna njia zote," nikamwambia. "Ukiwa na hiki huhitaji mwenyeji."

Akakifungua, akakifunga. "Haya," akasema.

Wiki ya kufungasha nilikifuata kitabu neno kwa neno. Kilisema maduka ni matupu, msafiri abebe sabuni, sukari na karatasi za chooni. Nikatia begini miche minne ya sabuni na kilo mbili za sukari. Baba Neema aliliinua begi akauliza kama tunahama. Kisha akaiona galoni ya asali niliyokuwa nimeifunika kwa kanga.

"Na asali hii ya nani, kama hatuna mwenyeji?"

"Ya njiani."

"Galoni nzima? Kitabu nacho kinakula asali?"

Nikaifunika tena kwa kanga.

Usiku wa kuamkia safari tulilala Singida mjini kwa shangazi yake Baba Neema, kwa sababu kwetu hupiti mji wenye ndugu yako ukalala kwingine. Tungelala gesti, shangazi angelisema jambo hilo mwaka mzima. Nilikula ugali wake nikiwaza mambo mengine kabisa.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka. Lilikuwa jipya, la mtu binafsi, na kondakta alikuwa akiwaita abiria kwa kuwabembeleza, jambo ambalo miaka michache nyuma lingetuchekesha. Tulipita Misigiri kukiwa na baridi. Kwenye mteremko wa Sekenke abiria walinyamaza wote, na mama mmoja alisali kwa sauti mpaka tulipofika chini Shelui. Kwenye mbuga ya Wembere barabara ilikuwa matope matupu, wanaume wakashuka kusukuma, Baba Neema akarudi na suruali ya rangi nyingine. Nilikaa dirishani nikiitazama ile mbuga kwa muda mrefu, maana ndiyo njia aliyopita Anjela kuja msibani, tena wakati wa masika. Igunga tulikula wali. Baada ya hapo ni vumbi, Nzega, Shinyanga, na vumbi tena.

Magharibi tuliingia Mwanza. Nilifungua ramani palepale stendi nikaongoza mbele, Baba Neema nyuma na begi. Gesti ya kwanza kwenye kitabu ilikuwa imegeuka duka la vipuri. Ya pili ilikuwa imegeuka kanisa, na watu walikuwa ndani wanaimba. Ya tatu tulionyeshwa na muuza karanga, wala haikuwamo kitabuni. Mhudumu alinipa daftari la wageni lenye safu zake: jina, kabila, utokako, sababu ya safari. Nikaandika "kutembea".

"Karibuni sana," akasema. "Hamna ndugu hapa mjini?"

"Hatuna," nikajibu.

Baba Neema alinitazama, kisha akachukua ufunguo. Chumbani hakunisema. Afadhali angenisema.

Siku ya pili asubuhi tuliliona ziwa. Nilisimama nikilitazama kama nusu saa, na ninakiri machozi yalinitoka. Ubaoni nilikuwa nimelichora dogo mno. Lile jiwe kubwa lililosimama majini lilikuwa mahali pake hasa kama kitabu kilivyosema, nami nikapata moyo, maana jiwe haliuzwi wala halibinafsishwi. Tatizo lilikuwa vingine vyote. Duka kubwa la serikali lenye ghorofa, ambalo kitabu kilililaumu kwa kukosa bidhaa, lilikuwa limegawanywa vibanda, na kila kibanda kimejaa sabuni. Sabuni nyekundu, kijani, za kunukia, zimepangwa mpaka darini. Mimi nilikuwa nimebeba miche minne kutoka Sepuka.

"Tuwauzie?" Baba Neema akauliza.

Nilicheka bila kupenda. Tulipofika sokoni nilisimama katikati ya njia na kitabu wazi, nikitafuta mgahawa ambao nadhani ulikwisha kufa zamani. Mama mmoja muuza vitunguu akaniita.

"Wewe dada unasoma nini hapo kama mzungu? Mmetoka wapi?"

Nilipomjibu, aliacha mizani yake. Aliyajua matamshi yangu. Alikuwa mtu wa Ikungi, anaitwa Mama Hango, na vitunguu vyake vilitoka kwetu. Tukasalimiana upya, kwa Kinyaturu, kwa urefu wake wote, mvua, mtama, mifugo, wazee. Kisha likaja swali ambalo nilijua linakuja.

"Mmefikia kwa nani?"

"Gesti."

"Gesti?" Akamgeukia Baba Neema. "Watu wa Singida hapa tunajuana wote, tuna chama chetu cha kuzikana. Mtu wa Sepuka anakosaje pa kufikia? Kwani Anjela si wa Sepuka?"

Ningeweza kusema simjui. Mdomo ulikuwa umeshajizoeza kwa mhudumu wa gesti. Baba Neema alikuwa ananitazama tena kama jana.

"Ni dada yangu," nikasema. "Tumbo moja."

Mama Hango alimwachia jirani yake biashara, akatwambia tukachukue mizigo.

Mchana uleule tulipanda kilimani, mtaa wa Mabatini. Nilitazama ramani kwa mara ya mwisho: mahali pale palikuwa peupe, hapana jina wala barabara, pameandikwa "vilima" tu. Pale peupe palikuwa na nyumba mamia zimebanana na mawe, kamba za nguo, mabomba yenye foleni za ndoo, na njia ambayo Mama Hango aliipanda haraka nami nikihema. Akasimama kwenye mlango wa bluu akapiga hodi.

Anjela alitoka akifuta mikono. Alikuwa amenenepa kidogo na alifanana na mama kabisa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Paulina. Karibu, shemeji." Kisha akaliona begi. "Mmefika lini?"

"Jana jioni."

"Mkalala wapi?"

Nilikuwa nimekikumbatia kitabu kifuani. Akakichukua, akafungua, akaona ramani ya Mwanza na alama nilizochora kwa kalamu ya risasi.

"Na mimi niko ukurasa wa ngapi?" akauliza.

Hapo nikalia kweli. Nikamwomba msamaha palepale mlangoni, mbele ya Mama Hango na majirani waliokuwa wakianika dagaa. Nilimwambia nilimtukana kwenye msiba wa mama yetu, mbele ya watu, na kwamba sikuwa na sababu.

"Basi lilikwama Wembere siku mbili," akasema. "Nilitembea kwa miguu mpaka Shelui. Nilikuwa na njaa sana siku ile, Paulina." Akausukuma mlango. "Ingieni. Samaki anapoa."

Tukala. Galoni ya asali aliiweka kabatini bila kuuliza ni ya nani, na sabuni akazipokea zote.

Siku ya tatu hatukwenda popote palipotajwa kitabuni. Tulikaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba tukamzungumzia mama.

Asubuhi ya kurudi, Anjela alikuwa amekaanga sato wa njiani na hakuwa na karatasi ya kufungia. Akachukua kitabu changu, akatafuta mpaka akazipata kurasa za gesti, akazichana tatu kwa mpigo. Mimi sijawahi kumruhusu mwanafunzi hata kukunja ncha ya ukurasa. Nilimshikia kamba afunge vizuri.

Sasa kitabu kiko ofisi ya walimu na kinanukia samaki. Juzi mwalimu mwenzangu alikiazima, anakwenda Mwanza kutembea. Akarudi mlangoni analalamika.

"Mwalimu, kurasa za kulala ziko wapi?"

"Una ndugu Mwanza?"

"Sina."

"Unaye," nikamwambia. Nikachukua kalamu, nikafungua ramani, nikatia alama kwenye sehemu nyeupe ya vilima.